Tepu Nyekundu, Tepu ya Bluu

Ijumaa, 16 Oktoba

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, na hata hapa naliandika kwa herufi ndogo: diski ya leo sikuibadilisha. Ya Ijumaa iliyopita pia sikuibadilisha. Wala ya Ijumaa ya kabla yake.

Nieleze vizuri, maana nikija kujisoma baadaye nitajifanya sikumbuki. Mama ana ofisi ya kompyuta hapa mbele ya nyumba, kwenye chumba kilichokuwa sebule. Anahudumia shule yetu na nyingine mbili, duka la dawa, mashine ya kusaga nafaka na wauza mbao. Kompyuta zao zikiugua, wanampigia yeye. Ana fundi mmoja tu, Kamba, aliyebatizwa jina hilo kwa sababu hatembei bila waya umezungushwa shingoni, kama daktari na kile kipimo chake. Shuleni kwetu kuna mashine kuu inayotunza alama za wanafunzi wote. Imefungiwa kabatini, nyuma ya kiti cha katibu wa shule. Kila siku mashine hiyo huandika nakala ya kila kitu kwenye diski ndogo nyeusi iliyochomekwa ubavuni.

Diski ziko mbili, mapacha. Moja ina tepu nyekundu, nyingine tepu ya bluu, basi, hiyo ndiyo tofauti yao. Moja ikiwa shuleni, nyingine inakaa juu ya kabati la nguo la mama, ndani ya kopo la biskuti. Kila Ijumaa zinabadilishana zamu, ili shule ikipatwa na lolote, nyumbani kuwe na nakala isiyozidi wiki moja. Kwa kuwa nasoma pale, kazi nikapewa mimi. Ingia ofisini, omba ufunguo, chomoa, chomeka, funga. Ukirudi nyumbani, saini daftari. Dakika mbili.

Ijumaa ya kwanza, tarehe 25 Septemba, niliifanya. Nilichomeka nyekundu, nikachomoa ya bluu. Lakini saa tisa walimu wanakunywa chai mle ofisini, na mwalimu wa hesabu akaniambia, kwa lugha ya shule, niwaeleze wote kile kidude kinafanya nini. Najua kinafanya nini. Najua kuliko yeye. Neno la kwanza likanitoka kwa lugha ya nyumbani, la pili kwa lugha ya shule, la tatu halikutoka kabisa. Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, naapa. "Basi tumepata fundi bubu," akasema, akachovya mkate wake kwenye chai.

Tangu siku hiyo sijaugusa mlango ule. Ijumaa asubuhi nabeba diski ya bluu, inatembea shuleni siku nzima ndani ya begi, na jioni inarudi. Kabla ya kurudi, naingia nayo chooni na kubandika tepu nyekundu juu ya ile ya bluu. Wiki ya pili, bluu juu ya nyekundu. Mama akifungua kopo anaikuta rangi anayoitegemea. Daftari nasaini, tena kwa mwandiko mzuri.

Nasikia kandambili za mama. Nalificha daftari hili chini ya godoro.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mvua. Soksi zimelowa. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 23 Oktoba

Bluu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Leo nusura nife. Kamba alikuwa anatafuta bisibisi kwenye meza ya mama, kopo la biskuti likiwa wazi hapo. Akaichukua diski, akaipimapima mkononi.

"Mheshimiwa Kimya," (ndivyo anavyoniita) "hii diski mnailisha nini? Mbona imenenepa?"

Nikacheka. Nadhani nilicheka. Kilitoka kitu kama kikohozi.

"Imevaa masweta," akasema, akipitisha kucha kwenye ukingo wa tepu. "Baridi hii ya mvua, hata mimi ningevaa."

Mama akamwita kutoka nje, gari la duka la dawa lilikuwa linamsubiri. Akairudisha koponi na kuondoka akipiga mluzi. Simpendi Kamba. Anautania kila unyamazo wangu, kana kwamba unyamazo ni kofia niliyoivaa upande.

Ijumaa, 30 Oktoba

Nyekundu. Nilifika hadi kwenye zulia la mlangoni pa ofisi ya shule. Zulia lile nalijua sasa: lina tundu linalofanana na sikio. Kupitia dirishani nilimwona katibu. Wanafunzi wote wanamwita Bi Mihuri, kwa jinsi anavyopiga mihuri, pa! pa! pa!, kana kwamba karatasi zimemkosea. Alikuwa peke yake. Walimu walikuwa kwenye kikao. Hakuna aliyekuwepo wa kucheka! Mbele yake, kwenye kona ya meza, ulikuwepo ufunguo wa kabati, na kijiti chake cha mbao.

Nilihesabu hadi kumi. Nikahesabu tena kwa lugha nyingine. Nikaondoka.

Jambo ambalo sikulijua: uongo wa mara moja ni aibu, lakini wa mara ya tano ni ratiba. Nikiingia leo na kusema "naomba ufunguo", ataniuliza nilikuwa wapi wiki zote hizi.

Jumamosi, 31 Oktoba

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya kutoboa. Diski za wateja zilizokufa mama hazitupi hivi hivi. Anazilaza kwenye ubao, anavaa miwani yangu ya maabara, na kuzipitishia drili katikati, matundu matatu kila moja. "Madeni ya watu, magonjwa ya watu, alama za watoto wa watu," anasema, "haviendi jalalani vikiwa vizima." Mimi hushika ubao. Vumbi lake linanuka sarafu zilizokaa mdomoni.

Ni siku hiyo hiyo Kamba anatakiwa afungue diski ya koponi na kuhakikisha nakala zimo. Saa nne ilipofika, kompyuta ya wasaga nafaka ikazimika, akaitwa. Akiwa mlangoni akalivuta daftari na kuandika: *Imejaribiwa, sawa.*

"Hujaijaribu," nikasema. Sauti ilitoka yenyewe, nyembamba.

"Anayeitunza si wewe? Wewe hukosei." Akanikonyeza.

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 6 Novemba

Bluu. Mvua haijakata tangu Jumanne. Uwanja umekuwa tope tupu, na darasani tunaweka ndoo mbili.

Jumanne, 10 Novemba

Mama alinisifu mbele ya mwenye duka la dawa. "Huyu wangu haongei, lakini kazi umpe yeye." Nililia bafuni, bomba likiwa wazi.

Ijumaa, 13 Novemba

Nyekundu. Rola la tepu nyekundu limebaki kidogo. Sijui nitamwambia mama limekwenda wapi.

Jumatano, 18 Novemba

Ilikuwa saa nane mchana, kipindi cha kemia. Mwanga mweupe ulijaa dirishani, na mlio ukaja hapo hapo, bila nafasi katikati. Taa zikafa. Kutoka upande wa ofisi nikasikia kitu kama kofi kubwa, kisha mtu akapiga kelele.

Nilikimbia. Mimi, nisiyewahi kukimbia mbele za watu. Nilipofika, Bi Mihuri alikuwa amesimama nje ya mlango akiwa na kiatu kimoja, na mwalimu wa hesabu alikuwa anapuliza mtungi wa kuzimia moto ndani ya kabati. Moshi mweusi, unga mweupe, harufu ya plastiki. Radi ilipitia kwenye waya wa simu, ikaishukia mashine kuu.

Mama na Kamba wakafika kwa pikipiki, wote wawili wamelowa chepechepe. Mama alifungua kabati, akatazama, na sijui kama kuna aliyeona isipokuwa mimi: aliegemea ukuta kwa mkono mmoja. Mashine ilikuwa imeungua ndani yote. Diski iliyochomekwa ubavuni pia ilikuwa nyeusi, ganda limejikunja upande wa waya, na tepu imekuwa gamba kavu lisilo na rangi. Hakuna aliyeweza kujua kuwa ilikuwa nyekundu. Hakuna isipokuwa mimi.

Mkuu wa shule alikuwa anatembea huku na huku. "Alama za mwaka wa mwisho zinakwenda baraza la mitihani Jumatatu ya tarehe thelathini. Majaribio ya maabara walimu wameyaingiza humo humo. Niambieni kuna nakala."

"Mwalimu, ondoa wasiwasi," mama akasema. "Tuna nakala nyumbani ya Ijumaa iliyopita. Zitakosekana siku nne tano tu. Mwanangu hubadilisha kila wiki." Akanishika bega.

Bi Mihuri alikuwa anavaa kiatu chake. Akainua kichwa, akanitazama. Alinitazama muda mrefu. Kisha akainama, akamalizia kufunga kamba za kiatu.

Mkono wa mama begani kwangu ulikuwa mzito kama gunia.

Alhamisi, 19 Novemba

Mama aliifungua diski ya koponi saa moja asubuhi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Orodha ikajitokeza. Tarehe ya mwisho: 25 Septemba.

Hakupiga kelele. Alichomoa, akachomeka tena. Akaifungua kwenye kompyuta nyingine. 25 Septemba. Akalichukua daftari, akapitisha kidole kwenye saini zangu, moja baada ya nyingine, kisha kwenye mstari wa Kamba.

"Ijumaa ya tarehe kumi na tatu diski hii imetoka shuleni," akasema polepole, akijiambia mwenyewe. "Ilikaa kule wiki nzima na haikuandikwa kitu. Kwa hiyo mashine iliacha kuandika tangu Septemba. Zote mbili, hii na iliyoungua, zimekuwa zikizunguka tupu." Akamgeukia Kamba, aliyekuwa amefika kazini. "Tarehe thelathini na moja uliijaribu?"

Kamba aliutoa waya shingoni. Sijawahi kumwona bila waya.

"Hapana, dada."

"Umeandika umeijaribu."

"Nimeandika."

"Umeandika uongo kwenye daftari langu."

"Nimeandika uongo, dada. Sina la kujitetea."

Alisema hivyo tu. Hakunitaja, hakusema nilimwambia kwamba hajaijaribu, hakusema aliniamini mimi. Mama akamwambia aache funguo mezani. Akaziacha. Alipopita mlangoni akajaribu kunitania, kwa mazoea tu nadhani: "Mheshimiwa Kimya, utunze masweta." Lakini sauti yake ilikuwa imepasuka katikati.

Nilikuwa bado nimeshika chai. Ilikuwa imepoa.

Ijumaa, 20 Novemba

Hakuna diski ya kubeba. Begi lilikuwa jepesi mpaka nikawa nasimama kuangalia kama nimeliacha wazi.

Jumatatu, 23 Novemba

Mama amewapigia wateja wote kuwaambia nakala zao huenda hazifai. Anazunguka peke yake na pikipiki kwenye mvua, anafungua mashine moja moja akitafuta ugonjwa ambao haupo. Ugonjwa uko hapa, unakula wali naye meza moja.

Shuleni walimu wanaingiza upya alama kutoka madaftari yao. Zile za maabara hazimo kwenye daftari lolote. Wa mwaka wa mwisho wameambiwa watarudia majaribio yote saba wiki hii, jioni, kwenye maabara inayovuja. Msichana mmoja wao alikuwa amekaa kwenye ngazi, anamwambia mwenzake: "Lile la tatu nilipata alama zote. Maisha yangu yote sijawahi kupata alama zote. Sasa nani ataniamini?"

Mkuu wa shule amemwambia mama kwamba ikifika Jumatatu ijayo bila alama, shule itatafuta watu wengine. Mama amenieleza haya akimenya viazi. "Na hizo shule mbili nyingine zitasikia," akasema. "Wakuu wa shule wanaongea, mama." Anapochoka huniita mama.

Nilifungua mdomo. Nikasema nitamalizia mimi viazi.

Jumatano, 25 Novemba

Bi Mihuri ameniita. Alituma mtu darasani, na darasa zima likafanya "uuuh!"

Nilipoingia alikuwa anapiga mihuri. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akauweka muhuri chini taratibu, kitu ambacho sikujua anakiweza.

"Ijumaa saa tisa," akasema, "nilikuwa nakuwekea ufunguo pale konani. Kila Ijumaa. Uliona?"

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo.

"Nilipoona huji, nikadhani mama yako amebadilisha utaratibu. Kumuuliza nikaona haya. Nikasema, hawa watu wa kompyuta watanicheka, wataniambia siku hizi nakala zinaruka hewani zenyewe." Akaupangusa muhuri kwa kidole. "Na mimi ni mtu mzima."

Kumbe naye! Miaka yote nimemwogopa mtu anayeogopa kuchekwa.

"Sitamwambia," akasema. "Si kwa sababu nakufichia. Ni kwa sababu maneno hayo ni yako. Ila yule kijana wa waya nimemwona jana stendi, anabeba mizigo ya watu."

Akachukua muhuri. Pa! Nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Alhamisi, 26 Novemba

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza mama alikuwa kwenye simu. Mara ya pili alikuwa amelala kwenye kiti, miguu yake yenye tope ikiwa juu ya boksi. Mara ya tatu hakuwa na shughuli yoyote, alinitazama na kuniuliza, "Unasemaje, mwanangu?" na mimi nikasema mvua imepungua.

Haikuwa imepungua.

Ijumaa, 27 Novemba

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Jioni hii wauza mbao walileta diski yao, nayo radi ile ile iliipata. Ilikuwa nyeusi upande mmoja kama ile ya shule. Nilidhani mama ataitupa kwenye boksi la kutobolewa. Badala yake akachukua bisibisi, akapasua ganda kama anavyopasua njugu, akatoa diski yenyewe, safi, inang'aa. Akaichomeka kwa waya mwingine. Mafaili yote yakajitokeza, moja baada ya jingine.

"Kumbe haijafa?" nikauliza.

"Radi imeishia kwenye ganda. Mara nyingi ndani ni nzima." Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

"Na ile... na ile ya shule?"

"Ile hata ikiwa nzima ina nini? Ni pacha wa hii tupu. Itanipotezea saa nzima bure." Akaiokota ile ya shule chini ya meza na kuitupa ndani ya boksi. "Kesho ni kutoboa. Saa nne. Utanishikia ubao."

Si tupu. Mama, si tupu! Haikuzunguka popote. Ilikaa kule kule tangu tarehe 25 Septemba, siku kwa siku, ikiandikwa kila kitu hadi Jumatano ile ya radi. Alama zote zimo. Majaribio saba yamo. Yule msichana wa kwenye ngazi yumo, na alama zake zote. Na Kamba hakuharibu chochote zaidi ya kuniamini mimi.

Nimeyaandika haya kwa dakika moja, bila kukwama hata neno. Mbona mdomoni hayapiti?

Jumamosi, 28 Novemba. Saa tatu na nusu asubuhi

Mama ametandika ubao uani. Nasikia drili anaijaribu hewani, inalia, inanyamaza, inalia.

Nimeichukua diski ya shule kwenye boksi. Iko hapa mezani, inaniachia masizi kwenye vidole. Pia nimelishusha kopo na kuitoa ile nyingine. Nimekaa nayo tangu saa moja, nikizibandua tepu kwa kucha, tabaka kwa tabaka. Moja ilichanika. Nyingine zimetoka nzima, zinanata bado. Nimezibandika zote hapa chini, kwa mpangilio, na pembeni nimeandika tarehe:

nyekundu, 2 Oktoba
bluu, 9 Oktoba
nyekundu, 16 Oktoba
bluu, 23 Oktoba
nyekundu, 30 Oktoba
bluu, 6 Novemba
nyekundu, 13 Novemba

Chini yake, kwenye diski, imebaki ile ya bluu ya kwanza, aliyoibandika mama kwa mkono wake. Imepauka.

Drili imenyamaza. Anavuta boksi, anahesabu kwa sauti. Anahesabu tena.

"Nani amechukua diski ya shule?"

Naendelea kuandika. Mdomo umegoma, kama siku ile ya chai, na safari hii hakuna hata anayecheka.

"Wewe! Umeiona diski iliyoungua?"

Kandambili. Ametoka uani, anapita jikoni. Godoro liko hapa, mkono mmoja tu kutoka ninapokaa. Kila siku huwa nalificha daftari hili anapofika kwenye friji, na sasa amefika kwenye friji.

Mama, usome kuanzia ukurasa wa kwanza, ile Ijumaa ya tarehe 16 Oktoba. Herufi ni ndogo, samahani. Diski usiitoboe, pasua ganda lake kwanza. Halafu mpigie Kamba.

Daftari liko wazi juu ya meza, diski nimeiweka juu yake ili upepo usifunue kurasa. Kitasa kinazun—